Mkono Ndani ya Kiatu

Fundi viatu huyu hamrudishii mtu kiatu kabla hajatia mkono ndani. Hupapasa taratibu mpaka kidoleni, kafumba macho, akitafuta ncha ya msumari iliyochomoza. Akiikuta huigonga nyundo ikalala, kisha hupapasa tena. "Mguu wa mtu si gogo," huwaambia wateja, na dada yake, anayeuza kamba na rangi ya viatu hapo pembeni, husonya. Maana mguu wa fundi mwenyewe, mgonjwa wa sukari mwaka wa sita huu, kaukabidhi kwa nani? Kwa bangi! Mjuaji mmoja alimwambia inashusha sukari na kutuliza miguu inayowaka moto, basi kliniki akaipa kisogo. Akishavuta, njaa humshika, akafuta pakiti nzima ya biskuti, halafu eti anashangaa kiu imetoka wapi. Kipimo cha sukari alichonunuliwa na dada kinagandamiza karatasi zisipeperuke.

"Dada, punguza kelele. Miguu haichomi tena, huoni dawa imefanya kazi?" alisema jana, akaunyoosha mguu kama ushahidi. Soksi ilikuwa imelowa damu hadi juu ya kiatu. Dada akamvua kiatu kwa nguvu, akatia mkono, akautoa mbio: msumari ulikuwa umesimama wima.

"Umetembea nao tangu lini bila kuusikia, wewe?" alifoka.

Fundi alifikiri. "Viatu hivi nimevaa tangu juzi." Akakichukua kiatu, akaugonga msumari ukalala, akafumba macho, akapapasa tena.

"Tayari," alisema, kwa sauti ile ile ya wateja. "Sasa hakimchomi mtu."