Hiyo Acha

Fundi wa Laini Saba hakujua kutulia. Aliizunguka Peugeot kuukuu ya Khamala, bisibisi ndefu sikioni, vidole vyeusi vya grisi vikigongagonga boneti, na kila ugonjwa aliotajiwa aliujibu vilevile. Moshi? "Hiyo acha. Kilomita zimezunguka hadi zikaanza upya, na mzee haachi sigara." Klachi nzito? "Hiyo acha, bado inavuta." Khamala akashusha pumzi. Kesho alfajiri gari hilo lilitakiwa kubeba mwili wa mamake, pamoja na akina mama waombolezaji, hadi Butere, na watu wa nyumbani walikuwa wameshawasha moto wa matanga. Kisha fundi akajitosa uvunguni, na kugonga kukakoma. Alipotoka, aliuchomoa ufunguo wa gari akautia mfukoni.

"Paipu ya breki imepasuka."

"Nimeifunga na tyubu. Imenileta vizuri kutoka Kawangware."

"Kawangware hakuna mteremko wa Mai Mahiu. Na hukuwa umebeba jeneza na akina mama wote wale."

"Hiyo nayo acha, fundi! Mama ananingoja mochari!"

"Aliyekufa hana haraka, Khamala. Nenda kawaambie watasafiri kesho kutwa."

Fundi akaketi juu ya tairi, mikono imelala magotini kama ya mtu aliye kanisani. Khamala akangoja aondoke pale, aseme neno, acheke. Wapi! Ila boneti ilikuwa inagongwagongwa tena. Akainamisha macho, akaona ni vidole vyake mwenyewe.