Maji ya Jua Mwezi wa Ukungu

Mimi ndiye mhudumu wa afya hapa kijijini Tetu, yule anayesumbua watu waanike maji juu ya mabati, kwenye chupa za plastiki, ili jua liue viini vya magonjwa. Basi wakwe walipokuja kutoka Murang'a kuleta mahari ya binti yangu Wambui, nilikataa katakata kuchemsha maji. Niliwanywesha ya mabati, nikijigamba. Kumbe ni Julai, mwezi ambao jua halionekani huku kwetu, na mimi nimesahau!

Kesho yake mama mkwe wa Wambui akapiga simu, sauti imekwisha. "Mama Wambui, huku sisi wote tunapigania choo. Hebu niambie, jua la Tetu hutoka saa ngapi?"

Wambui alikuwa kando yangu, analia. Nikachungulia dirishani nipate la kujibu. Kwa ukungu, hata mabati sikuyaona.