Kwale wa Zambarau wa Aroi

Kila nikisikia kwale akilia alfajiri, naukumbuka ua wa shangazi kule Aroi, muhogo ukianikwa, na uso wangu unawaka.

Nilikuwa nimetoka chuo, niko kwenye majaribio ya kazi kwa mtafiti wa ndege. Alimtafuta kwale mwenye kifua cha zambarau, aliyejulikana kwa ngozi moja kuukuu tu iliyohifadhiwa makumbusho. Wataalamu walibishana: ni jamii ya pekee, au chotara?

Nami nikamwona nyuma ya nyumba ya shangazi! Sikumwambia hata shangazi, nikiogopa habari ingevuja. Nilimleta bosi, tukalala kifudifudi majanini.

“Akiwa ndiye, kazi ni yako,” alininong'oneza.

Kwale akatokea. Bosi akainua kamera. Shangazi naye akatokea na ungo wa mtama.

“Kuku, kuja! Na wewe kwale, kuja!”

Kwale akamkimbilia miguuni.

“Shangazi... ni wako?”

“Iko yangu. Mayai nilipata shambani, kuku akalalia. Mwewe alikwaruza yeye kifua, nikapaka dawa ya hospitali, ile ya zambarau.” Akamtazama bosi pale chini. “Na huyu mzee iko mgonjwa? Dawa ingine bado iko.”