Mkono Mtupu wa Mwanaesha

Nina mengi ya kumshukuru Mungu, lakini sikutegemea kwamba siku moja nitamshukuru kwa ajili ya karakana ya betri. Namshukuru kwa sababu ya wifi yangu Mwanaesha, mke wa kaka yangu Fawaz.

Mwanaesha hajui kunyamaza, na zamani hata mkono wake ulikuwa na kelele. Alikuwa na bangili mbili za dhahabu alizovishwa na mamake akiwa msichana mdogo. Mama huyo alifariki mwaka uleule. Mkono ukakua, bangili zikabaki, zisiweze tena kuvuka kiganja. Nyanya Nuha, mama mzazi wa huyo marehemu, ndiye aliyemlea Mwanaesha. Macho yake hayaoni tena, lakini bangili zilipolia tu mlangoni, yeye aliitikia, "Karibu mwanangu," kabla hajasalimiwa.

Basi karakana ikafunguliwa hapa Voi. Awali betri za pikipiki za umeme zilitoka ng'ambo zikiwa kamili. Siku hizi huagizwa seli tu, na watu wetu wanaziunga, wanazifunga kwenye kasha na kuzipima. Kazi imekua mpaka bodaboda wa Taveta wanaobeba ndizi wanatumia betri za kwetu. Mwanaesha, aliyekuwa akishinda dukani akifungua redio za watu na kuzitengeneza, aliitamani kazi hiyo hata usingizini. Akafanya majaribio, akafaulu. Mimi nilifurahi kuliko yeye.

Siku ya kuripoti nilimsindikiza. Msimamizi, Sylus, akautazama ule mkono mlangoni.

"Dada, hapa hatuingii na chuma kwa mikono. Pete, saa, hata hiyo dhahabu. Ikigusa seli pande zote mbili inatoa moto, inakuchoma."

"Nikizifunga na tepu?"

"Tepu inabanduka. Pole, lakini ukitaka kazi lazima uzitoe. Kesho tunaanza."

Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya nazi, nikavuta mpaka akanitukana. Wapi! Tukaenda kwa sonara, naye akazikata kwa msumeno mwembamba. Mwanaesha alilia pale dukani mbele ya wateja. Nami nikamkasirikia Sylus, nikaikasirikia karakana, na umeme wenyewe nao nikaukasirikia.

Njiani akasimama ghafla. "Safaa, Nyanya nitamwambia nini? Akizisikia zile bangili ni kama anamsikia mamangu. Nikimvunja moyo, hiyo kazi siitaki."

Hapo ndipo akili yangu ilipochemka. Nilikuwa na bangili zangu za shaba, za bei rahisi. Nikamwambia, "Wewe tangulia, mimi nitakuwa nyuma yako nikizitikisa." Alinitazama kama mwendawazimu, lakini hakuwa na njia nyingine.

Tukaingia kwa Nyanya. Nikatikisa, tena kwa ufundi. Nyanya alikuwa mkekani, tasbihi mkononi. Akainua kichwa, akasikiliza.

"Safaa," akasema, "hebu nipunguzie vurugu zako. Mwanaesha, njoo hapa."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwanaesha akapiga magoti. Nyanya akaupapasa mkono wake kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kisha akarudi kwenye kifundo, akakipapasa pale bangili zilipokuwa zikikaa. Nikajua tumeharibu.

"Nyanya, nisamehe," Mwanaesha akaanza. "Walisema chuma hakiingii kazini, ikabidi zikatwe..."

"Kazi umeipata?"

"Nimeipata, Nyanya."

"Alhamdulillahi!" Nyanya akauinua ule mkono mtupu, akaubusu, akaubusu tena. "Mamako angekuwa hai, angekushika mkono mwenyewe zikikatwa."

Mwanaesha akamlalia mapajani akilia, na mimi, ambaye kwa sonara sikutoa hata chozi moja, nikakaa chini kando yao nikalia kwa shukrani.