Mizigo ya Lindi Hutangulia

Ukisimama Kibiti kando ya barabara iendayo Lindi, utaona mabasi yakija yamejaa na kuondoka yamejaa zaidi. Abiria hupanda mbele. Mizigo huingia ubavuni, katika buti, na buti lina watu wake. Mmoja wao ni Mwinyimvua, mtu mrefu wa mikono mipana, aliyetoka Kiomboni katika visiwa vya Delta. Huko alikuwa mkata mikoko. Vibali vya kukata vilipokuwa haba, akaja kupakia vifurushi kwenye ofisi ya Bi Faudhia. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, mizani, na banda la mabati mbele.

Aliambiwa atajaribiwa mpaka Ijumaa. Mkewe, Sabra, alibaki kisiwani na binti yao. Alikwisha kumwambia mumewe kwa simu, bila kuzunguka: "Mie sihamishi vyombo kwa sababu ya mtu anayejaribiwa. Ukiajiriwa, nakuja. Usipoajiriwa, rudi wewe."

Siku ya kwanza Mwinyimvua hakukimbia. Basi lilipofika, alichuchumaa mbele ya buti, akalitazama kama mtu anayepima chumba cha kulala. Kisha akaanza. Magunia mazito ya unga akayaweka chini, katikati kabisa. Maboksi akayagawa, nusu kulia na nusu kushoto. Vyepesi vikakaa juu. Akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa kuangalia kama gari limelala upande. Halikulala hata kidogo, likaondoka limenyooka.

Baada ya muda simu ya Bi Faudhia ikalia. Aliyepiga alikuwa Amri, konda wa basi lile, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye mizani.

"Nani kapakia buti hili? Unga wa Ikwiriri uko chini ya dunia! Tumeshusha mzigo wote barabarani, abiria wananitukana!"

Abdulazizi, mpakiaji wa zamani pale ofisini, alicheka mpaka akashika nguzo. "Mzee wa Delta, basi halipinduki! Ulidhani unapakia mtumbwi?"

Ndivyo alivyodhani, au tuseme mikono yake ndiyo iliyodhani. Chombo kinachobeba boriti za mikoko hupakiwa kwa usawa pande zote, kwa sababu kikilala upande mmoja mmekwenda na maji. Tena boriti zote hushuka bandari moja, kwa hiyo nani atajali ipi iko chini na ipi iko juu? Basi lina habari nyingine. Linasimama Ikwiriri, linasimama Mohoro, linasimama Somanga, linasimama Nangurukuru, ndipo lifike Lindi. Kila mji unataka chake, na kinachoshuka mwanzo hakitakiwi kukaa chini.

Siku ya pili akajaribu mbio. Aliona Abdulazizi anavyorusha vifurushi, naye akarusha. Lakini Abdulazizi alikuwa amezoea, anajua kipi kinaruka na kipi hakiruki. Mwinyimvua alirusha boksi moja, likatua kwa sauti ya vigae. Zilikuwa chupa za chai za mtu wa Somanga. Kabla hajajua afanye nini, Amri akaanza kupiga bati la basi kwa kiganja. Pa! Pa! Pa! "Twende! Twende! Hapa mnapakia au mnazika?"

Kila pigo la kiganja lilimfanya asahau alichoshika. Alichukua kifurushi, akakirudisha, akachukua kingine. Jasho likamwingia machoni.

Basi lilipokuwa linaondoka, Amri alichungulia mlangoni. "Bi Faudhia, tunaheshimiana. Tukichelewa hapa tena tunapitiliza. Ng'ambo ya barabara nako wanapokea mizigo."

Bi Faudhia aliinama. Aliokota kipande cha kioo cha chupa, akakitazama, akakitupa. Kisha akamwambia Mwinyimvua, "Umesikia mwenyewe. Mabasi yakinihama, sina ofisi. Gari lingine likilalamika, utarudi kwenye mikoko yako."

Alasiri ile Mwinyimvua alikaa juu ya gunia tupu akanywa maji. Mikono yake ilikuwa mizima. Hakuchoka, na hilo ndilo lililomshangaza. Kule kisiwani alibeba vizito kuliko hivi, tena akikimbizana na maji ya bahari, na maji hayana konda wa kubembelezwa. Lakini huko hakuna aliyengoja maji yajae ndipo aanze kutafuta boriti. Maji yakiwa yametoka, wanaume hushinda wakitoa boriti msituni na kuzilaza ukingoni mwa mkondo. Maji yakifika, kazi iliyobaki ni kunyanyua na kuweka. Mtu akiwaona saa ile atasema wana haraka, kumbe haraka yao walikwisha kuifanya tangu matopeni.

Kesho yake alifika mapema, akavitoa vifurushi vyote ndani na kuvipanga sakafuni chini ya banda, vimefuatana mstari mmoja mpaka pale buti linapofunguka. Vya Lindi vilikuwa mbele kabisa, nyuma yake Nangurukuru, kisha Somanga, kisha Mohoro. Vya Ikwiriri vilishika mkia.

Abdulazizi alisimama akatazama. "Unapanga safu ya swala? Imamu nani?"

"Lindi," akajibu Mwinyimvua, bila kuinua kichwa.

"Na mimi nisimame wapi?"

"Wewe simama karibu na buti, pokea. Usirushe."

Basi la siku ile lilipakiwa bila ugomvi, na la kesho yake vilevile. Amri alipiga bati kwa mazoea tu, kiganja kikakosa la kusema. Mwinyimvua hakukimbia hata mara moja. Alikuwa anatembea.

Ijumaa mambo yakawa mengine. Basi lilikuja likiwa limechelewa tangu Dar es Salaam, dereva hakuzima hata injini. Safu ikaingia yote. Mwinyimvua alikuwa ameshika kifuniko cha buti akishushe, bodaboda ikaingia kwa vumbi. Nyuma yake alikaa Mwanabibi, mfanyabiashara wa kamba wakavu, mteja mkubwa kuliko wote pale, amekumbatia tenga.

"We mpakiaji! Ngoja!"

"Shikamoo, mama. Hilo la wapi?"

"Marahaba. La Nangurukuru. Fanya upesi!"

Mwinyimvua alitazama ndani ya buti. Nangurukuru ilikuwa imekwisha kufunikwa na Somanga, na Mohoro, na Ikwiriri.

"Litupie juu, bwana," Abdulazizi akanong'ona. "Huyu mama hakataliwi."

Likitupiwa juu, Ikwiriri watalishusha, wapakie upya. Mohoro vivyo hivyo, Somanga vivyo hivyo. Amri alikuwa ameinua kiganja. Mwinyimvua akashusha kifuniko, kikabana.

"Litakwenda na linalofuata, mama."

"Ati nini? Mie nimeanza kuleta mizigo hapa wewe bado unakanyaga matope huko Delta! Faudhia! Faudhia, njoo umwambie mtu wako afungue!"

Bi Faudhia alitoka nje. Alimtazama Mwanabibi, akalitazama tenga, akamtazama Amri aliyening'inia mlangoni. Injini ilikuwa inanguruma. 

"Amri, nendeni," akasema.

Basi likaondoka. Mwanabibi alisonya, akakaa kwenye benchi na tenga lake, akafunika uso kwa mtandio. Bi Faudhia akamwita Mwinyimvua kando, lakini sauti hakuipunguza.

"Mteja wangu hafungiwi buti bila mimi kuulizwa. Umenielewa? Siku nyingine unaita kwanza, ndipo unafunga."

"Nimeelewa, Bi Faudhia."

"Na Jumatatu uwahi. Kuna mizigo ya korosho, itapangwa hivyohivyo unavyopanga."

Akarudi kwenye mizani yake. Mwinyimvua alilichukua tenga la kamba, akaliweka sakafuni, peke yake, mwanzo wa mstari mpya. Ndipo akatoa simu.

"Vipi, wamekuajiri?" Sabra aliuliza hata kabla ya salamu.

"Sijaambiwa neno hilo."

"Umeambiwa nini, basi?"

"Nimefokewa. Kisha nikaambiwa niwahi Jumatatu."

Sabra akamwita binti yao alete vyombo. Ikasikika sauti ya sufuria ikiwekwa ndani ya sufuria nyingine.