Saumu ya Chumvi

Siku niliyomdanganya yule mtafiti naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nimekuita kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kwenda Adu kuwauliza wakulima kuhusu dawa wanazonyunyizia mimea, kama zinawadhuru vifua na ngozi. Hongera. Najua umesoma, na karatasi zako umezipanga. Lakini wewe hujawahi kuwa upande wa kuulizwa, na mimi nimekuwa, kwa hiyo kaa kidogo unisikilize.

Ujanani nilifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya Malindi. Ni uwanda mtupu, hakuna kichaka wala kivuli. Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba yakauke, na jua likakupiga kutoka juu na kutoka chini. Tulikusanya chumvi kwa reki na kuibeba kwa karai kichwani. Wanaume wakibanwa na haja waligeuka tu nyuma ya tuta, kazi ikaendelea. Sisi wanawake tungegeukia wapi? Ukichutama pale unaonekana mpaka barabarani. Choo kilikuwa kimoja, kule ofisini, na ukienda na kurudi nyapara amekwisha kukuandika mtoro.

Basi tukabuni dawa yetu: tusinywe maji. Kuanzia alfajiri mpaka kazi iishe, hata tone. Tuliita saumu ya chumvi. Asubuhi, baada ya salamu, mtu humuuliza mwenziwe, "Umefunga?" naye hujibu, "Nimefunga." Mimi nilikuwa hodari wa saumu hiyo, na nikijivuna nayo, Mungu anisamehe. Mwanamke mgeni akija, mimi ndiye niliyemkalisha chini nikamfunza.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Dama, Mgiriama mchekeshaji, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Hakuwa Mwislamu, lakini masikini alifunga mwaka mzima. Akaanza kuumwa kiuno. Haja ndogo ikawa inamchoma, miguu ikavimba. Asubuhi moja akaanguka juu ya tuta, yeye na karai lake. Watu wakasema ni pepo wa chumvi. Nami nikaitikia hivyo hivyo, ingawa moyoni nilijua nani alimfunza kutokunywa. Niliogopa sana, mwanangu. Dama alikuwa na watoto watatu wadogo.

Ndipo akaja mtafiti. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, anatoa shikamoo kwa kila mtu hata kwa wasiostahili. Akasema wanatafuta kwa nini wafanyakazi wa chumvi wanaugua figo, na nini kifanyike wasiugue. Akaanza na mimi.

"Kwa siku mama unakunywa vikombe vingapi vya maji?"

"Vinane," nikasema, bila hata kupepesa macho.

Aliyenifuata akasema vinane. Mwingine akaona aongeze heshima, akasema kumi. Kijana akaandika yote. Kisha akatugawia vichupa vidogo, akatuomba mkojo, akageukia pembeni kwa adabu. Tukatazamana. Hapana choo, na matumbo yetu makavu. Tukaenda kwenye mtungi wa wapishi, tukajaza maji. Mimi, kwa ujanja wangu, nikatia na tone la chai ya rangi ili ifanane.

Unacheka? Cheka. Lakini ule ujanja wangu ungepita hivyo hivyo, ingeandikwa kwenye kitabu cha wataalamu kwamba wanawake wa chumvi wanakunywa maji ya kutosha na wana afya njema, na Dama angerudi nyumbani kufa na pepo wake.

Baada ya siku mbili kijana akarudi. Hakukasirika. Akatukusanya, Dama naye ameketi juu ya gunia, miguu imejaa. Akasema, "Mama zangu, vichupa vyenu vina afya kunishinda mimi. Na kimoja kina jani la chai."

Wenzangu wakaniangalia wote kwa pamoja. Nikatamani ardhi inimeze. Yeye akafungua karatasi zake, akasoma swali la mwisho kwa sauti ya shule: "Je, mna haja gani hapa kazini?"

Leso zikapanda midomoni. Kicheko kikatushinda. Kijana akashangaa, hajui amesema nini. Alikuwapo bibi mmoja aliyezeekea kwenye chumvi, tukimwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama. Hawe peke yake hakucheka.

"Haja yetu ni haja," akasema.

Kijana akaandika, akafuta, akamtazama. Hawe hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. "Wewe," akaniambia, "wewe ndiwe uliyemfunza huyu Dama kufunga. Leo mfuturishe. Mwambie huyu kijana."

Hakuna maneno yaliyowahi kunichoma vile. Niliona haya, nikaona uchungu, kisha nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikasimama nikamweleza yote: choo cha ofisini, nyapara, tuta, saumu, vikombe vinane vya uongo, na chai yangu. Nilipotua kuvuta pumzi, wengine wakadakia. Yule wa vikombe kumi akalia. Kijana akachana karatasi za mwanzo, akaanza upya.

Aliporudi tena alikuja na muuguzi wa kike, wakatujengea kibanda cha makuti chenye pazia. Tukatoa mkojo wa kweli. Mwanangu, safari hii haukuhitaji chai. Dama akapelekwa hospitali Malindi, daktari akasema figo zimeanza kuchoka lakini bado zinaweza kupona.

Kisha kijana na wenzake wakafanya jambo la akili. Upande wetu wa mashamba wakaweka vyoo vya makuti, mitungi ya maji na kivuli cha kupumzikia, na upande wa pili wakauacha kwa muda ulivyokuwa, wapate kulinganisha. Nyapara alisema tutashinda chooni. Msimu ulipokwisha, waliokuwa wakianguka na kuumwa kiuno upande wetu walikuwa wachache mno, na chumvi tuliyotoa imezidi ya wenzetu. Matokeo yakasomwa mbele ya wakubwa wa mashamba. Wakajenga vyoo vya mawe pande zote, kila mlango na komeo lake.

Siku ya kuvifungua, meneja alikuwa bado anatafuta maneno ya hotuba, Hawe akampita, akaingia na kujifungia. Alipotoka tulipiga vigelegele mpaka wavuvi wa mbali wakadhani pana harusi. Na Dama, amepona, akachota kikombe cha maji saa nne ya asubuhi, jua kali, mbele ya nyapara. Akanywa chote. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, nimefuturu." Nililia mbele za watu na sikujali. Mpaka leo yuko, anauza samaki sokoni, na watoto wake watatu wana watoto.

Basi nakwambia hivi. Kule Adu utaulizia vifaa vya kujikinga, na wakulima watakujibu kwamba wanavaa kila siku. Usiwachukie, wala usikimbilie kuandika. Mtu mzima akikudanganya, mara nyingi kuna jambo analolionea haya, na ugonjwa wenyewe umejificha papo hapo. Kaa nao. Tazama wanachofanya kuliko wanachosema. Likizuka neno likawachekesha wote, ulizia neno hilo. Na katika kundi hakosekani Hawe wao, asiyecheka. Mtafute huyo umsikilize. Ukikuta na wewe umefanya makosa, chana karatasi uanze upya, hakuna aibu.

Nenda salama, mwanangu. Mola akulinde njiani, akupe subira na masikio, na akutimizie haja zako zote, kubwa na ndogo.