Walinywesha mmea wa Mwende mpaka ukaoza

Wakuu, habari zenu. Siongezi chumvi. Haya yalitokea kwetu Kanyangi miaka ya themanini, na nikiyakumbuka bado roho inachemka.

Dada yangu Mwende alikuja na mmea kutoka college. Majani marefu, magumu, ndugu wa makonge pori ya kwetu. Akauweka sitting room ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.

"Mwaitu, hii usinyweshe ovyo," alimwambia mama. "Mchanga ikauke kabisa, ndio unaipatia kidogo."

Mwaka huohuo malaria ikamchukua Mwende. Mama akawa anapangusa yale majani kila asubuhi. Jina la Mwende halikumtoka tena kinywani.

Ukame ukaja. Kwetu maji yanachimbwa kwenye mchanga wa mto, yanabebwa na punda. Hata ya kunawa hayamwagwi bure, lazima yaende kwa kitu chenye uhai.

Sasa, akina mama wa kanisa walikuwa na fellowship kwetu. Wakishanawa kabla ya chai, kiongozi wao, Mama Syokau, anabeba karai na kumwaga yote kwenye kopo.

"Hii pia ni kiumbe ya Mungu, msiinyime!"

Wenzake: amina.

Mama angekataaje? Kunyima kiumbe maji wakati wa kiangazi, mbele ya kanisa? Angeitwa mchoyo Kanyangi nzima.

Nikaficha kopo chumbani. Mama Syokau akalitafuta. Wakuu, alilitafuta! Akalirudisha, eti linakosa hewa.

Majani yakalegea. Wakasema ni kiu, wakaongeza maji.

Siku moja nikauinua mmea, shina likanibaki mkononi. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka. Nililia kwa hasira.

Fellowship iliyofuata Mama Syokau alileta ua lingine. "Usijali, Mungu anapeana ingine."

Mama akasema asante. Asante! Nilitoka nje nisije nikatukana mtu mzima.

Jani moja tu lilikuwa zima. Mama alilikata, akaacha kidonda kikauke, akalipanda kwenye mchanga mkavu nyuma ya pazia la chumba chake. Likachipuka. Leo liko kwangu hapa mjini Wote, na mgeni akilisogelea na glasi ya maji, ninasimama.

Funzo: uliza kabla ya kusaidia. Nani mwingine ameharibiwa kitu na mtu mwenye nia nzuri? Semeni, ila msiniambie nisamehe.

Mama tulimzika bila kuwaambia wale wanawake ule mmea ulikuwa wa nani.

Ulikuwa wa Mwende.